Mwalimu Nyerere na ghala la kijiji: ufunguo anashika nani?

Kila mwaka, mwezi wa kumi ukiingia na mvua za kwanza zikianza kulowanisha udongo wa Manono, nyumba nyingi zinabaki na swali moja. Ule mfuko wa mwisho wa mahindi uliobaki pembeni, tuule ao tuupande? Mama anajua kwamba akiusaga leo, watoto watalala wameshiba. Anajua pia kwamba mwezi wa tatu hatakuwa na kitu cha kuvuna.

Ndani ya mwezi huo huo kuna siku mbili zinazofuatana karibu sana. Tarehe 16 dunia nzima inakumbuka Siku ya Chakula. Siku mbili mbele, tarehe 14, majirani wetu wa ng'ambo ya ziwa wanakumbuka kifo cha Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, yule ambaye wakubwa na watoto wote walimuita Mwalimu. Nchi yake ilipopata uhuru iliitwa Tanganyika, jina lile lile ambalo jimbo letu limebeba tangu Katanga igawanywe mwaka 2015.

Watu wengi wa huku wanamjua Nyerere kwa mambo ya siasa: uhuru wa Afrika, vita dhidi ya Idi Amin, mazungumzo ya amani ya Burundi. Leo tunamwangalia upande mwingine. Mtu huyu alipigana na njaa maisha yake yote. Kuna mahali alifaulu, na kuna mahali alikosea vibaya, na makosa yale yanatugusa sisi tunaotaka kuweka maghala ya chakula kwenye vijiji vyetu.

Mtoto wa viwavi na mvua

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa nne 1922 huko Mwitongo, Butiama, mashariki ya ziwa Victoria, katika kabila dogo la Wazanaki. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu. Jina la huyu baba lina historia. Mwaka aliozaliwa, karibu 1860, viwavi vilishambulia eneo lao, na kwa Kizanaki nyerere ni viwavi vya namna hiyo. Wazee wakampa mtoto jina la msiba ule. Wakulima wa Congo hawahitaji maelezo marefu hapa, juu tangu mwishoni mwa 2016 viwavi jeshi vimekula mahindi yetu pia, na tunajua shamba linavyogeuka vijiti katika siku chache.

Mtoto mwenyewe alipewa kwanza jina la Mugendi, kisha mwaguzi akashauri abadilishwe, akaitwa Kambarage. Hilo ni jina la pepo wa mvua. Basi, kwa jina moja alibeba njaa, kwa jina lingine akabeba mvua.

Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake ishirini na wawili wa chifu. Usifikiri kwamba mtoto wa chifu alikula na kulala tu. Kambarage alikaa katika nyumba ya mama yake, akachunga mbuzi, akalima mtama, mahindi na muhogo pamoja na wengine. Katika nyumba za namna ile, chakula cha mwaka mzima kilikaa ndani ya kihenge, ghala dogo la miti na udongo lenye paa la nyasi. Nafaka ilitolewa kwa kipimo, na mbegu ilitengwa mbali na ya kula. Wazee wetu wa huku walifanya vivyo hivyo. Benki ya chakula ambayo leo tunaisikia kama neno jipya, mababu waliijua zamani, ila wao hawakuita hivyo.

Wakoloni nao walikuwa na dawa yao ya njaa: amri. Ng'ambo, Waingereza waliwalazimisha watu kupanda muhogo kama akiba. Huku kwetu, Wabelgiji walileta kilimo cha lazima, na nani katika familia zetu hakusikia babu akielezea pamba na fimbo? Muhogo ulisaidia kweli, juu unavumilia jua na unakaa ardhini mpaka uhitajiwe. Lakini watu walibaki na kumbukumbu mbaya: kilimo ni jambo ambalo mkubwa anakuja kukuamuru.

Mwalimu wa shule

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage alipelekwa shule ya Mwisenge huko Musoma, karibu kilomita 40 kutoka kwao. Alikuwa na akili nyingi, na mwaka 1937 akaingia shule ya Tabora, ile ambayo Waingereza waliwasomesha watoto wa machifu. Kutoka hapo alikwenda Makerere nchini Uganda mwaka 1943, na mwaka huo huo akabatizwa Mkatoliki kwa jina la Julius. Alirudi kufundisha Tabora kwenye shule ya St Mary's.

Mwaka 1949 alipanda kwenda Edinburgh, Uingereza, kwa masomo ya chuo kikuu. Wengi wanasahau jambo moja juu ya miaka ile. Vita ya dunia ilikuwa imekwisha, lakini Waingereza bado walikula kwa kipimo. Nyama, sukari, siagi, kila mtu alipewa kadiri ya kitabu chake cha mgao, awe tajiri ao maskini, na mfumo ule haukuisha kabisa mpaka 1954. Kijana wa Kizanaki aliishi miaka mitatu katika nchi tajiri ambayo ilikuwa imekubali kugawana kidogo kilichopo.

Aliporudi 1952 alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, akamuoa Maria Gabriel mwezi wa kwanza 1953. Tarehe 7 mwezi wa saba 1954 chama cha TANU kilianzishwa, yeye akiwa mwenyekiti. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu ili ashike siasa, lakini jina la Mwalimu lilimfuata mpaka kaburini. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1961, Tanganyika ikapata uhuru bila risasi.

Uhuru na njaa mlango mmoja

Uhuru uliingia wakati nchi ilikuwa imepigwa na ukame mkali. Kisha mvua ikaja kwa hasira na mafuriko yakafuata. Serikali mpya ilijikuta inagawa mahindi ya msaada yaliyotoka mpaka Marekani. Nyerere alikuwa akisema kwamba taifa lina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Njaa haikutajwa peke yake kwa sababu ilikuwa mtoto wa wote watatu.

Hapo alifanya jambo lililowashangaza wengi. Wiki sita tu baada ya uhuru, mwezi wa kwanza 1962, aliacha kiti cha waziri mkuu, akazunguka vijijini kuongea na watu. Alirudi kuwa rais mwisho wa mwaka huo. Kwenye mizunguko yake alisisitiza kwamba wakulima waliotawanyika, kila mmoja peke yake na jembe lake, hawawezi kupata shule, maji wala zahanati, na mwaka wa ukame ukija kila mmoja anakufa peke yake. Jibu lake aliliita ujamaa: kuishi na kufanya kazi kama watu wa ukoo mmoja.

Mwaka 1967, tarehe 5 mwezi wa pili, wazo hilo likawa siasa ya nchi kwa Azimio la Arusha. Miezi michache baadaye Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, siku kadhaa njiani, kuonyesha kwamba yeye mwenyewe yumo. Na mwaka 1971, huko Chamwino, Dodoma, nchi kavu ambayo ina historia ndefu ya njaa, alikaa na wanakijiji akifyatua matofali pamoja nao. Hakuwa mtu wa kutuma wengine kwenye jua huku yeye amekaa kivulini, na hata wapinzani wake wanakubali hilo.

Litowa: kijiji kilichoshika ufunguo wake

Sasa tufike kwenye sehemu ya hadithi ambayo haisemwi sana. Kusini ya Tanzania, eneo la Songea, kulikuwa na vijana wa TANU walioanzisha kijiji cha Litowa karibu na uhuru, bila kusubiri amri. Mwanzo ulikuwa mgumu, wengine walikimbia. Waliobaki walijifunza: walianza wachache, wakalima chakula chao kwanza, wakafanya mkutano kila mara kuamua nani afanye nini na kila mtu apate nini. Vijiji vingine vikaja kuangalia, vikaiga. Mpaka 1969 vilikuwa kama 17, vimeungana katika chama chao cha maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na shule yao, walikuwa na mashini ya kusaga nafaka, na watoto wao walionekana kuwa na afya nzuri.

Mwalimu aliwapenda. Ukisoma maandishi yake juu ya ujamaa vijijini, unaona Litowa ndani yake. Lakini wakubwa wa chama na wa mkoa hawakufurahia vijiji ambavyo vinaamua mambo vyenyewe na kujibu bila kuogopa. Mwezi wa tisa 1969, kamati kuu ya TANU ilivunja kile chama. Mali yake ikachukuliwa, walimu wake wakatawanywa. Nyerere alikuwa mwenyekiti wa kamati ile, na uamuzi ukapita.

Ni vizuri kusimama hapa kidogo. Mahali pekee ambapo wazo lake lilikuwa linazaa matunda bila kusukumwa, chama chake kililiua. Kutoka siku ile, neno lilikuwa lile lile, ujamaa, lakini ufunguo ulikuwa umebadilisha mkono.

Redio chini ya mti

Kabla ya kufika kwenye makosa makubwa, tuseme juu ya jambo ambalo sisi watu wa redio tunalipenda. Miaka ya 1970 Tanzania ilifanya kampeni za redio ambazo dunia nzima ilikuja kujifunza. Mwaka 1970 ilikuwa ya uchaguzi, kisha mwaka 1971 ya miaka kumi ya uhuru. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na watu karibu milioni mbili waliifuata. Mwaka 1975 ikaja ya lishe, yenye jina la Chakula ni Uhai.

Haikuwa redio ya kusikiliza huku unapika na kusahau. Watu wa kijiji walijiunga katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa na kitabu chepesi. Kwa siku na saa iliyojulikana walikaa pamoja, mara nyingi chini ya mti, redio moja katikati. Kipindi kikiisha, redio inazimwa. Hapo kazi inaanza: wanasoma ukurasa wa wiki ile, wanabishana, na kabla ya kutawanyika wanaamua jambo la kufanya kabla ya wiki ijayo. Katika kampeni ya afya walichimba vyoo na kusafisha visima. Katika ile ya chakula waliongea juu ya bustani za mboga, kuku, na chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa.

Ile ya lishe ilikuwa na maana kubwa. Mtu anaweza kushiba bukari ya muhogo kila siku na mtoto wake akavimba miguu kwa kukosa maharage, samaki ao karanga. Njaa ya namna hiyo haionekani kwenye ghala. Inaonekana kwa mtoto.

Vijiji kwa nguvu

Mwezi wa kumi na moja 1973, amri ilitoka: kufika mwisho wa 1976, watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vilivyopangwa. Mwalimu alikuwa amechoka kusubiri. Kwa miaka kadhaa alikuwa amesema na kuandika kwamba mtu halazimishwi kuingia ujamaa. Sasa malori na askari waliingia kazini. Mamilioni ya watu walihamishwa. Sehemu zingine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi.

Waza mambo haya kama mkulima. Umeacha shamba lenye muhogo ardhini, miembe uliyopanda baba yako, kihenge chako. Unafika mahali papya, pengine mvua imeshaanza, udongo huujui, shamba ulilogawiwa liko mbali, na nyumba bado hujajenga. Nani atalima wakati huo? Na miaka ile ile, 1973 mpaka 1975, jua lilikuwa kali na mvua zilikataa. Wataalamu bado wanabishana kama ukame ao uhamisho ndio ulioharibu zaidi. Ukweli ni kwamba vyote viwili viligongana, mavuno yakaanguka, na Tanzania ikatumia karibu akiba yake yote ya fedha za kigeni kununua nafaka nje.

Serikali ikaanzisha kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, ikilazimisha hata watu wa mijini walime. Baada ya hapo ikaweka ghala la taifa la nafaka kwa ajili ya miaka ya shida, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini mwaka 1976 ikavunja vyama vya ushirika, vile ambavyo wakulima wenyewe walikuwa wamevijenga tangu wakati wa ukoloni. Tusiwasifu kupita kiasi: ndani ya vyama vile kulikuwa na wizi na viongozi wabaya. Hata hivyo vilikuwa mali ya wakulima. Mahali pao yakaja mashirika ya serikali, yenye bei iliyopangwa mjini, lori linalochelewa na malipo yanayochelewa zaidi. Wakulima walijibu kimya kimya: wengine waliuza kwa njia za panya, wengine wakalima ya kuwatosha tu.

Kisha ikaja vita ya Uganda ya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Dar es Salaam walipanga foleni kwa unga, sukari na sabuni.

Nyerere alifanya jambo ambalo wakubwa wengi wa Afrika hawakulifanya. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Arusha, aliandika hesabu ya wazi ya yale yaliyoshindikana. Na baadaye alikubali hadharani kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Vyama vya ushirika vikarudishwa kwa sheria mwaka 1982. Lakini mti uliokatwa unachukua muda kuota tena.

Iringa: mzani na sufuria

Katikati ya shida ile, katika miaka yake ya mwisho ya urais, kulianza kazi nyingine huko Iringa, nyanda za juu za kusini. Serikali, UNICEF na OMS, kwa fedha kutoka Italia, walianza mwaka 1983 na 1984 katika vijiji 168. Hawakuanza na lori la chakula. Walianza na mzani.

Kila miezi michache, kijiji kilikutana kwa siku ya afya. Watoto wadogo wote walipimwa uzito, na matokeo yaliwekwa mbele ya wazazi na halmashauri ya kijiji. Kisha swali liliulizwa mbele ya wote: kwa nini watoto hawa wanane wamepungua? Wakati mwingine jibu halikuwa ukosefu wa chakula. Mama alikuwa shambani tangu asubuhi mpaka jioni, na mtoto mdogo alikula mara moja tu kwa siku. Basi kijiji kiliamua kuweka mahali pa kulelea watoto, wazazi wakachanga unga na maharage, na mtu wa kuwapikia akachaguliwa. Mahali pengine waliamua kupunguza mzigo wa wanawake, ao kutoa shamba la kijiji kwa ajili ya chakula cha watoto. Miezi ikipita wanapima tena, na kama hali haikubadilika wanabishana tena.

Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji vile ndani ya miaka michache, wakati uchumi wa nchi ulikuwa bado chini. Waliokuja kuandika juu ya kazi ile walisisitiza kwamba haikusimama juu ya fedha tu. Vijiji vilikuwa vimezoea kukutana, na hilo lilikuwa tunda zuri la miaka ile ile migumu. Hapo ndipo unaona kwamba wazo la Mwalimu halikuwa baya. Liliharibika lilipoingizwa kwa amri, na likafanya kazi watu walipoachiwa kuamua wenyewe.

Kurudi kwenye jembe

Mwaka 1985 Nyerere aliachia urais kwa hiari. Miaka ile ya mwisho alipambana na wakopeshaji wa kimataifa, akipinga wazo kwamba nchi maskini iwalaze watoto wake njaa ili ilipe madeni. Baada ya hapo alirudi Butiama, kwenye udongo alikozaliwa, akalima. Wageni waliomtembelea walimkuta mara nyingi shambani. Aliongoza pia Tume ya Kusini, na katika miaka yake ya mwisho alisuluhisha mgogoro wa Burundi.

Alikufa kwa kansa ya damu katika hospitali ya London tarehe 14 mwezi wa kumi 1999. Alizikwa Butiama tarehe 23, karibu na wazazi wake. Hakuacha mali nyingi. Aliacha nchi ambayo watu wake zaidi ya makabila 120 wanaongea pamoja bila kuuana, na kwa sisi tulioona moto wa vita, hilo si jambo dogo.

Na sisi wa Manono?

Hatuhitaji kuhamia Litowa ili kujifunza. Sisi pia tumepitia amri. Wakati wa Mobutu tulikuwa na salongo: kila wiki utoke ufanye kazi ya pamoja, usipotoka unakamatwa. Mpaka leo ukimwambia mzee neno kazi ya pamoja, anacheka kwa uchungu. Halafu vita kati ya Waluba na Watwa, hasa 2016 na 2017, vilichoma vijiji na maghala yake, na watu mamia elfu katika jimbo wakawa wadeplase. Wengi walizoea kusubiri orodha ya PAM na ya mashirika mengine. Msaada ule uliokoa maisha, lakini orodha ikifungwa, kijiji kinabaki na nini?

Na sasa kila mtu anaongea lithium. Manono inajua hadithi ya madini, tangu wakati wa bati la Géomines. Kampuni ikiwa na nguvu, soko linajaa na bei inapanda. Kampuni ikianguka, njaa inaingia mjini kwanza, juu vijana waliacha jembe. Barabara ya Kalemie ikikatika wakati wa mvua, unga wa mbali hautafika hata ukiwa na franga mfukoni.

Lakini tuna vitu ambavyo Mwalimu angevitambua mara moja. Tuna likelemba, tangu zamani. Tuna vikundi vya AVEC, ambako akina mama wanaweka akiba katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti ambao si mwenyekiti. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wafike, na mbele ya wanachama. Swali ni jepesi: kwa nini ghala la mahindi lisifungwe hivyo hivyo?

Kikundi cha nyumba ishirini ao thelathini kinatosha kuanza. Wakati wa mavuno, mwezi wa tatu, bei iko chini na wafanyabiashara wanachukua kila kitu. Kila nyumba ilete kipimo kimoja, beseni ileile kwa wote, kiandikwe kwenye daftari mbele ya wote. Mahindi yawe yamekauka vizuri, ghala liinuliwe juu ya ardhi, na nguzo zizuiliwe panya. Mbegu ikae peke yake na isiguswe. Katika miezi ya njaa, kuanzia mwezi wa kumi na moja, mwanachama anakopa na kurudisha kwa nyongeza ndogo ambayo kikundi kimekubaliana. Sehemu itengwe kwa mjane, mgonjwa na mtoto aliyepungua uzito. Kituo cha afya kina mzani tayari.

Na katika vijiji ambako Waluba na Watwa wamerudi kuishi karibu, ufunguo mmoja ushikwe na Mtwa, mwingine na Mluba, na wa tatu na mama ambaye pande zote zinamuamini. Watu ambao hawawezi kufungua ghala bila kuitana watalazimika kuendelea kuongea.

Kuna hatari, na tuziseme. Mkubwa wa kijiji anaweza kudai ghala ni lake. Mwanasiasa anaweza kuja kulizindua na kuweka jina lake mlangoni. Shirika linaweza kujenga depo zuri la simenti ambalo halina mwenyewe, na mwaka wa pili likawa nyumba ya mbuzi. Yote hayo yalionekana ng'ambo ya ziwa, na Mwalimu mwenyewe, na heshima yake yote, alishindwa kuyazuia kwa sababu alitaka kwenda haraka kuliko watu wake.

Wiki hii, kabla mvua haijakomaa, angalieni ule mfuko wa mwisho. Kama jirani watano watakubaliana kutenga mbegu zao pamoja, katika nyumba moja yenye kufuli ambazo hakuna mmoja anayeweza kufungua peke yake, mwezi wa tatu kutakuwa na kitu cha kupima. Na redio yenu itakuja kusikiliza mlivyofanya.